Mafuta Yasiyofika Kiwikoni

Jambo lote liligharimu miko miwili iliyovunjika, urafiki wa mwuza mafuta mmoja wa Kariokor ambaye hadi leo hunisalimia akitazama pembeni, na jina langu, ambalo niliweka rehani asubuhi moja uani kwenye nyumba ya Kaloleni. Miko nilinunua mingine. Mwuza mafuta atapona. Jina nilirudishiwa likiwa na nyongeza, na ndiyo sababu naandika.

Nimeweka mwiko chini mwaka huu kwa sababu ya magoti, si kwa sababu nimechoka na watu. Nyinyi mnaobaki na masufuria mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa, msije mkaniuliza nikiwa nimeshasahau. Habari za malipo sitaziandika. Anayetaka kujua pilau inalipa vipi aangalie viatu vyangu.

Niliingia kazi hii kupitia kitunguu. Bi Mwanaidi wa Majengo, fundi wa pilau za harusi na hitima, alinipokea siku ya kwanza kwa gunia zima na kisu butu kuliko mimi. Aliniacha hadi nilipofika katikati ya gunia nikiwa siwezi kufungua macho. Ndipo akachukua kisu, akakinoa kwenye kitako cha kikombe cha udongo, akanirudishia. Kisu butu hukiponda kitunguu na kitunguu hulipiza, akaniambia, kisha akaenda kulala. Hilo ndilo somo la kwanza, na mpaka leo nikiona mmoja wenu analia jikoni humwangalia kisu kabla sijamuuliza habari za nyumbani.

Somo la pili lilikuwa rangi. Bi Mwanaidi alikuwa wa rangi ya maji ya kunde, mimi ni huyu mnayenijua. Akaninyooshea mkono juu ya sufuria: "Kitunguu kikifika rangi ya mkono wangu, tia nyama. Kikifika rangi ya mkono wako umechelewa, kamwage uanze upya." Sikukasirika. Kipimo kilikuwa sahihi.

Somo la tatu lilikuwa mafuta, na hilo hakulitunga yeye, lilitungwa na wageni. Pilau ya shughuli ilipimwa hivi: mgeni akinyanyua tonge, mafuta yateremke kiganjani, yapite kifundo cha mkono, yaelekee kiwikoni. Yasipofika huko, maneno yatatembea Kaloleni, Shauri Moyo hadi Bahati kwamba baba wa bibi harusi ni bahili. Basi nilipika pilau ya kufika kiwikoni, nikasifiwa, nikaitwa tena. Niliyahesabu madebe ya mafuta mara mbili nisipunjwe. Yalikokwenda baada ya kiwiko haikuwa kazi yangu.

Vyombo mnavijua, ila sijawaeleza majina. Sufuria kubwa kuliko zote niliirithi kwa Bi Mwanaidi, inaitwa Mama Mkwe, kwa sababu hata uijaze vipi hairidhiki. Ile yenye sikio moja ni Mstaafu. Usipike pilau ya watu wengi kwenye Mstaafu. Yeye ni wa kuchemshia maji. Na mkaa wa juu ya mfuniko usambazwe pembeni, katikati ubaki mchache, la sivyo utawapa wageni ukoko wa juu na wa chini, na ubwabwa katikati.

Sasa nifike kwa Mzee Rajabu.

Mzee Rajabu alikuwa fundi wa karakana za reli hadi alipostaafu, mtu wa kifua kipana na sauti ya kupita juu ya nyundo. Halafu moyo ukamwangusha. Alilazwa, akatoka na dawa na masharti: chumvi ipunguzwe, mafuta yapunguzwe, mboga ziongezwe. Mkewe, Bi Halima, aliyashika masharti kama amana. Alimnunulia sufuria yake ndogo, akawa anampikia pembeni. Wajukuu wakaipa jina, sufuria ya mgonjwa, na yeye akawa anakula peke yake kwenye kigoda chake, wengine mezani. Hitima akaacha kwenda. Maulidi akaacha. Ukikaa kwenye sinia bila kula unaulizwa maswali, na ukila kinachotoka kwenye Mama Mkwe unarudi wodini. Mtu aliyekuwa hakosi sinia lolote kuanzia Makongeni hadi Pumwani akawa anasikia dua kwa mbali.

Kisha bintiye Nuru akaposwa na kijana wa mtaa wa Fedha. Kwetu, siku ya ndoa, baba wa bibi harusi na baba wa bwana harusi hukaa sinia moja. Mikono ya wazee inakutana kwenye wali kabla haijakutana kwenye mambo mengine. Dada mkubwa wa Mzee Rajabu, Bi Zuhura, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha harusi hiyo kuliko maharusi wenyewe, akaamua Mzee Rajabu apelekewe sahani yake chumbani, imefunikwa, wakwe wasiione. Atatoka wakati wa dua.

Mzee alikuja kwangu bila kumwambia mtu. Alikaa, akakataa chai, akasema alichokuja kusema.

"Mama Zena, mimi nimwoze binti yangu nimefungiwa chumbani kama mwali?"

Nilimwambia pilau ya mgonjwa naweza kumpikia vizuri kuliko anavyofikiri. Akatikisa kichwa.

"Sitaki yangu. Nipikie mimi na wageni chungu kimoja. Nikila peke yangu siku hiyo, hata nikipona sitakuwa nimepona."

Mimi ni mtu wa kupatana bei, kwa hiyo sikumpa jibu kabla ya masharti. Atameza dawa zake kama kawaida. Atakula taratibu. Akitosheka ataacha, hata mkwe amsukumie minofu. Hapo akaanza kupunguza: angalau mnofu mmoja. Tulivutana, tukakubaliana mnofu mmoja mdogo. Alipoondoka ndipo nilipogundua kwamba nimeahidi kuwalisha wageni wa Fedha na Kaloleni pilau ambayo sijawahi kuipika.

Nilikwenda na Bi Halima kliniki anakopimiwa mzee. Mshauri wa lishe pale alikuwa binti anaitwa Akinyi, mpole, ana kalamu inayoandika kila unachosema. Akaniambia nimtajie kila kinachoingia sufuriani. Nikamtajia: nyama yenye nundu, samli, mafuta ya kopo, vitunguu, tangawizi, bizari, chumvi, vidonge vya supu. Kalamu ikasimama.

"Mama, kwenye vidonge hapo umetia chumvi mara ya pili," akasema.

Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, kumbe na chumvi nilikuwa naihesabu hivyo hivyo. Akinyi hakunicheka, alisubiri nijicheke mwenyewe. Akatueleza bila haraka kwamba mafuta yanayoganda yakipoa ndiyo ya kuogopa zaidi, kwamba mafuta ya maji kidogo hayana ugomvi, kwamba viungo havina dhambi yoyote, na kwamba kachumbari isiwe pambo la sinia bali iwe chakula. Mzee ale na wenzake, lakini asishindane nao. Bi Halima akauliza kama wageni wengine hawatadhurika kwa kulishwa chakula cha mgonjwa wa moyo. Jibu la Akinyi ndilo nililobeba hadi leo: hicho si chakula cha mgonjwa, hicho ndicho tulichopaswa kula sote, wengine tunasubiri kulazwa ndipo tuanze.

Jaribio la kwanza nilipika nyumbani na kumwita Mwende aonje. Nyinyi wote mnamjua Mwende wa Kware, ambaye hajawahi kumficha mtu ukweli hata pale ukweli ulipoomba kufichwa. Nilikuwa nimepunguza kila kitu kwa mkupuo. Mafuta, chumvi, vidonge, vyote. Mwende akatafuna, akameza, akanywa maji.

"Mathe, hii pilau imefunga saumu," akasema. "Na bado magharibi iko mbali."

Alikuwa sawa. Nilikuwa nimeondoa vitu bila kuweka kitu mahali pake. Mtu ukimpunguzia bei hapa lazima umwongezee pale, vinginevyo anaondoka. Ulimi nao ni mteja.

Mara ya pili tulianza na nyama siku moja kabla. Nyama isiyo na mafuta, ikachemshwa na tangawizi na kitunguu saumu kingi bila chumvi, kisha supu tukaipandisha hadi kwenye friji ya Mwende, ghorofa ya sita, jengo lisilo na lifti. Nilisimama kila ghorofa kumwuliza kama amelipa kodi ya hewa. Asubuhi mafuta yalikuwa yameganda juu ya supu kama mfuniko mweupe. Tukayaondoa kwa kijiko. Mwende alitaka kuyaweka akaangie chapati, nikamwuliza mgonjwa wa moyo tunaomtafuta ni yupi, huyu wa Kaloleni au mwingine mpya.

Kitunguu tulikipika huko huko kwa Mwende, kwa mafuta ya maji kidogo sana, moto mdogo, sufuria pana. Hapo ndipo kazi ilipo. Mafuta yakiwa mengi, kitunguu kinajipika na wewe unapiga soga. Yakiwa kidogo, kinashika chini, na lazima usimame unakwangua bila kupumzika, ukinyunyiza supu tone kwa tone kila kinapong'ang'ania. Mwiko wa kwanza ulivunjikia hapo. Lakini kikafika rangi ya mkono wa Bi Mwanaidi, Mungu amrehemu, na harufu ikamtoa jirani wa ghorofa ya tano. Bizari tuliikaanga kavu na kuitwanga asubuhi ile ile, si ya paketi iliyolala dukani. Pilipili manga, mdalasini, iliki, karafuu, mikono haikubana. Karoti na njegere zikaingia. Chumvi ikaja mwisho, kiduchu, na ndimu ikakamuliwa baada ya kuepua, kwa sababu uchachu humdanganya ulimi ukadhani chumvi ipo.

Mwende alikula sahani, akajipakulia nyingine.

Ikabaki nyama ya shughuli yenyewe. Nilikwenda soko la Burma kwa mchuuzi wa nyama tuliyezoeana. Miaka yote nilikuwa napigania nyongeza: kipande cha nundu, mafuta ya figo, chochote cha kung'arisha sufuria. Siku hiyo nikamwambia atoe mafuta yote. Akaweka kisu chini.

"Mathe, uko sawa kweli?"

Nikamwambia niko sawa kuliko mizani yake, na kwamba mafuta yatoke kabla ya kupima, si baada. Hapo alielewa kwamba mimi ni yule yule. Andikeni hili mahali: mchuuzi atakukatia mafuta kwa furaha sana ukishalipia uzito wake. Tulipatana hadi adhuhuri. Nyama ikapimwa ikiwa safi, na juu yake akanipa nafasi kwenye friji lake kubwa usiku mmoja, maana supu ya harusi isingepanda ngazi za Kware. Mwuza mafuta wa Kariokor nilipomwambia nataka kibuyu kidogo badala ya madebe, aliniuliza amenikosea nini.

Siku ya harusi tuliwasha moto alfajiri, uani kwa Mzee Rajabu. Mwiko wa pili ulivunjika kabla jua halijachomoza, nikamalizia na mpini wa jembe uliooshwa vizuri, msiulize. Hadi wageni wa Fedha walipoanza kuingia, sufuria zote zilikuwa chini ya mkaa na mimi nilikuwa nimeketi kwenye debe, nikihesabu masinia mara ya pili.

Ndipo Bi Zuhura alipotokea na kopo la samli kifuani, samli nzuri ya ng'ombe aliyotumiwa kutoka Pwani kwa ajili ya siku hiyo. Akafunua Mama Mkwe, akachovya vidole, akavisugua, akavinyanyua kwenye mwanga.

"Mama Zena, vidole vyangu vikavu kama nimeshika gazeti."

Nikamweleza kwa sauti ya chini. Akasema anajua kaka yake ni mgonjwa, ndiyo maana sahani yake iko tayari chumbani. Lakini wageni si wagonjwa, na hatakubali watu wa Fedha warudi kwao wakisema kwa kina Rajabu mtu hula pilau akatoka na mikono mikavu. Alikuwa ameshafungua kopo. Likimwagika lile, Mzee Rajabu anarudi chumbani, mlango unafungwa, na mkwe wake anakula na kaka wa mtu mwingine. Niliuona mlango ule kutoka pale nilipokuwa, na mzee mwenyewe alikuwa amesimama kwenye kizingiti, amevaa kanzu mpya, ananitazama.

Nikaweka ule mpini wa jembe juu ya sufuria.

"Dada Zuhura, samli ya namna hiyo haimwagwi bure. Tupatane. Napakua sinia moja, liende kwa wanawake wako wenyewe mle ndani, wale wasiosifu kitu. Likirudi na wali, mwaga kopo zima, na mimi nasimama hapa uani niwatangazie wageni kwamba Mama Zena ameshindwa kupika."

"Na likirudi tupu?"

"Kopo linafungwa, na kaka yako anakaa kwenye sinia."

Alinipima. Nadhani alikubali kwa kuwa alitaka kunisikia nikitangaza. Sinia likaenda: pilau, kachumbari ya kabichi, nyanya na dhania iliyorundikwa kama mlima wa pili, ndizi mbivu pembeni kama watu wa Pwani wanavyopenda, na ndimu zilizokatwa. Tukasimama nje ya dirisha, yeye upande huu, mimi upande ule.

Ndani kukawa kimya. Moyo wangu mwenyewe ulitaka kupelekwa kliniki. Halafu nikakumbuka kwamba wanawake wa Kaloleni hunyamaza kwa mambo mawili tu, Fatiha na chakula kizuri, na Fatiha ilikuwa bado.

Mlango ukafunguliwa. Shangazi mmoja akatoa sinia kwa mkono mmoja bila hata kutazama alimpa nani, akasema waongezewe, na kachumbari isisahaulike. Bi Zuhura alilipokea yeye. Akaligeuza kwenye mwanga, akalikagua kama mimi ninavyokagua mizani ya Burma. Ukingoni, karibu na ua lililochorwa, akapata punje moja ya wali.

Akaitazama. Akanitazama mimi. Akaila.

Kisha akafunga kopo lake, akaenda hadi kizingitini, akamshika kaka yake mkono na kumpeleka kwenye turubai la wanaume mwenyewe, akiwaambia watu wapishe njia, baba wa bibi harusi anapita.

Mimi nilitazama kutoka nyuma ya masufuria. Mzee Rajabu alikaa, akanawa, akasema bismillahi, na mkono wake ukaingia kwenye wali pamoja na ule wa mkwe wake, baba wa bwana harusi. Alikula taratibu kama tulivyopatana. Alipokula mnofu wake mmoja, mkwe akamsukumia mwingine. Akaurudisha upande wa pili kwa kidole, akamwambia mgeni ni yeye. Nilisikia mkwe akiuliza pilau gani hii, mtu anakula na haoni usingizi. Mzee akajibu kwa ile sauti ya karakana, ambayo nilikuwa sijaisikia siku nyingi, kwamba ndiyo pilau ya kwao. Aliomba dua akiwa amekaa kati ya watu. Alimsindikiza Nuru hadi kwenye gari, akarudi, akakaa tena kwenye mkeka kana kwamba anaogopa mtu atamchukulia nafasi.

Masinia yote yalirudi mepesi. Niliyahesabu, mnajua mara ngapi.

Baada ya hapo mambo yalijiendea. Akinyi aliridhika na presha ya mzee, ingawa hakumpunguzia dawa hata kidonge kimoja, na alikuwa sahihi. Mzee akarudi kwenye hitima na maulidi. Wenye shughuli walianza kutuma mtu aulize kama ni Mama Zena anapika, na kama si yeye, apike aliyemfundisha. Sufuria ya mgonjwa wajukuu waliichukua wakapandia dhania. Wazee waliokuwa wakitafuta mafuta kiwikoni wakaanza kunong'ona kwamba pilau ya siku hizi haiwaamshi usiku kwa kiungulia. Bi Zuhura alikuja kwangu faraghani kuomba vipimo kwa ajili ya rafiki yake mwenye presha. Nilimpa vipimo vyote, nikamwambia amkumbushe rafiki huyo asiongeze chumvi mezani. Akasema atamfikishia. Naona rafiki huyo amepungua na anapanda ngazi vizuri.

Sasa nisikilizeni, kwa maana hili si la zamani. Nuru amejifungua mtoto wa kiume. Karamu ya akika yake ni Ijumaa, na mkwe wa Fedha amesema zamu hii anataka biriani, mpike nyinyi, mimi nitakaa nitazame. Biriani si pilau. Viazi vyake na vitunguu vyake huzamishwa kwenye karai la mafuta, na viazi hunywa kama ngamia. Nimejaribu kuvichemsha kisha kuvipaka mafuta kidogo na kuvigeuza kwenye kikaango, vikapasuka. Nimejaribu kuvioka chini ya mkaa, vikawa na ngozi ya kobe. Vitunguu nilivianika juani kwanza, ikanyesha. Magoti yangu hayataki jaribio jingine na mikono yangu inajua pilau tu.

Kwa hiyo nawauliza mimi, mara hii mnifundishe nyinyi: viazi vya biriani vinapata rangi na utamu wake vipi bila kuogelea? Mwenye jibu aje nalo Alhamisi, hata kama ni nusu ya jibu. Mzee Rajabu amesema atakaa kwenye sinia na mjukuu mapajani, na nimjuavyo, ameshaanza kunawa mikono.